Klachi Inasingiziwa

Wagonjwa wa magoti wanaoendesha magari ya kubadili gia kwa mkono huja kliniki na hukumu tayari. Hata sijaligusa goti, nimeshatajiwa mkosaji: "Dokta, hii ni klachi tu." Likiwa goti la kushoto, basi mjadala umekwisha. Wenye nafasi huongeza swali: wauze gari wanunue la otomatiki? Madereva wa kuajiriwa, wale wa vipanya, Fuso na malori ya mchanga, hawana swali hilo. Wao huuliza kama ipo sindano.

Jibu langu ni fupi, sababu zake ndizo ndefu. Goti zima halisagwi na klachi. Goti bovu huumizwa na klachi, na kuumizwa si kusagwa. Kinachomla dereva mwaka hadi mwaka ni kiti, saa anazokaa juu yake, na kilo anazoziongeza akiwa hapo. Klachi inasingiziwa kwa sababu ndiyo anayoikanyaga pale maumivu yanapomshtua.

Tuanze na hesabu, maana watu wengi wanaoilaumu klachi hawajawahi kuipima. Klachi ya gari dogo iliyo katika hali nzuri hutaka msukumo wa kilo 10 hadi 15 hivi kwenye pedeli. Tuchukue 12. Goti halibebi hizo 12 peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya mgandamizo ndani ya maungio hutoka kwenye misuli yenyewe inapovuta. Kano inayoshikiza pia ya goti kwenye mfupa wa muundi iko karibu sana na mahali goti linapozungukia, sentimita 4 hivi. Kama mstari wa msukumo wa mguu unapita sentimita 20 kutoka hapo, msuli wa paja unalazimika kuvuta mara tano ya kile kilichoko kwenye pedeli, yaani kilo 60. Jumlisha na zile 12: goti linabanwa kwa kilo 70 na kitu.

Ni nyingi, mpaka uziweke kando ya kutembea. Watafiti wa Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia, wagonjwa wakatembea navyo, namba zikasomwa moja kwa moja kutoka ndani ya mguu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, kutembea mahali tambarare kulilibana goti kwa mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kuinuka kitini kulikaribia mara 2.5, kushuka ngazi karibu mara 3.5. Mtu wa kilo 70 analibebesha goti lake kilo 180 kwa kila hatua anayopiga kwenda dukani. Klachi yake haifiki nusu ya hapo. Kule kuinuka kwenye kiti cha dereva ili ashuke garini kunalibana goti kuliko mkanyago wowote mmoja wa klachi aliyokanyaga njiani.

Msomaji anayeendesha lori la zamani atasema gari lake si hilo. Sawa, tumpe klachi ngumu ya kilo 30. Msuli utavuta 150, ongeza 30, tumefika 180. Lori bovu limeifikia hatua moja ya kutembea, halijaipita. Na hata tukisema dereva wa mjini anakanyaga klachi mara 2,000 kwa siku, mtu yeyote anayetembea hatua 5,000, idadi ambayo muuza mboga huimaliza mapema asubuhi, anaubebesha kila mguu hatua 2,500. Hakuna anayesema kutembea kumemaliza goti la muuza mboga.

Mwili wenyewe una sababu ya kutoogopa mkanyago wa namna hii. Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka laini lenye unene wa milimita chache tu, na gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa maungio, unaoingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, kama maji kwenye sifongo. Goti lisilobanwa kabisa ndilo linaloharibikiwa: watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo hupungukiwa na unene wa gegedu ingawa hawakanyagi chochote. Kubana na kuachia ndiyo lishe. Shida huanza pale kubana kunapokosa kuachia, na hapo nitarudi, kwa sababu foleni ya mjini ndiyo inayolifanya hilo.

Kabla sijarudi, nipite kwenye bamia. Imani kwamba bamia hurudisha "mafuta ya goti" imeenea kiasi kwamba wapo wagonjwa wanaozinywa zimelowekwa usiku kucha, wakiniangalia kwa jicho la kunishinda. Mlenda wa bamia huishia tumboni kama chakula kingine chochote. Hauna barabara ya kufika gotini ukiwa bado mlenda. Ni mboga nzuri, kula. Ila aliyeongeza kilo 20 tangu aanze udereva asiwe na matumaini kwamba bakuli la bamia litazibeba kwa niaba yake.

Uzito ndio penye ushahidi. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1948. Mwaka 1988 David Felson na wenzake walilinganisha uzito uliopimwa mwanzoni mwa utafiti huo na picha za eksirei za magoti zilizopigwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Waliokuwa wanene ujanani ndio waliokutwa na magoti yaliyosagika uzeeni. Hapo hoja ya kwamba watu hunenepa kwa sababu goti linawauma ilipungukiwa nguvu, kwani unene ulitangulia. Mwaka 1991 wakaonyesha kwamba wanaume waliofanya kazi za kukunja magoti pamoja na nguvu za mwili walipata ugonjwa huo karibu mara mbili ya wengine. Mwaka uliofuata wakaja na habari njema: wanawake waliopungua kilo 5 hivi katika kipindi cha miaka 10 walipunguza uwezekano wa kupata goti lenye kusagika na maumivu kwa zaidi ya nusu. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kila kilo moja unayoipunguza mwilini huliondolea goti kilo 4 kwa kila hatua.

Wajerumani wana kipimo kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinahusu pesa. Wanayo orodha ya serikali ya magonjwa yanayotambuliwa kuwa yametokana na kazi, na ugonjwa ukiwa humo, fidia inalipwa. Mwaka 2009 kusagika kwa goti kuliingizwa rasmi, kwa sharti la mtu kuwa amepiga magoti kazini, au ameyabebesha magoti yake mzigo unaofanana na huo, kwa saa zisizopungua 13,000 maishani, angalau saa moja kwa kila zamu. Anayelengwa hapo ni mtu kama fundi vigae. Dereva naye yumo katika orodha hiyohiyo, ila kwa kipengele kingine cha mwaka 1993: magonjwa ya diski za kiuno yanayoletwa na kutikiswa mwili mzima akiwa amekaa kwa miaka mingi. Waliopekua ushahidi ili wajue nani alipwe kwa lipi walimpa dereva mgongo, goti wakampa fundi vigae.

Je, maumivu ya magoti ya madereva ni ya kufikirika? Hapana. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa madereva wa teksi 1,242 wa Taipei, Taiwan. Kati ya walioendesha saa 6 au chini ya hapo kwa siku, asilimia 11 walikuwa na maumivu ya goti. Kati ya waliopitisha saa 10, walikuwa asilimia 22. Namba hizo ni za maumivu, si za gegedu lililokwisha, na uchunguzi wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilimtangulia kipi. Lakini angalia kilichopanda pamoja na maumivu: saa za kukaa.

Mzee mmoja anayeendesha Hiace ya abiria alinilalamikia goti la kushoto, nikamwomba tukatazame garini, maana kiti cha kliniki hakisemi kitu. Kwenye Hiace za zamani dereva anakalia sehemu ya mbele kabisa ya gari, mgongo wima, na pedeli ziko chini ya magoti yake kuliko zilivyo mbele yake. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho wa reli, kwa sababu nyuma yake pameongezwa benchi. Goti lilikuwa limekunjika kupita pembe mraba kabla hajaanza kukanyaga. Aliponionyesha anavyokwenda kwenye foleni, mguu wa kushoto haukugusa sakafu hata mara moja. Ulining'inia juu ya klachi, vidole vikiigusa, gari likisogea kidogo na kusimama, likisogea na kusimama. Nikamwomba viatu. Soli ya kushoto ilikuwa imelika chini ya kidole gumba. Ya kulia ilikuwa imelika kisigino.

"Mzee, panauma wapi hasa?"

Hakunyoosha kidole. Alifunika pia ya goti kwa kiganja kizima.

Jibu lake lilikuwa pale kwenye kiganja. Pia ya goti huteleza mbele ya mfupa wa paja, na kadiri goti linavyokunjwa msuli ukiwa umekaza ndivyo inavyobanwa kwenye mfupa huo. Mtu mwenye mkao wa yule mzee anaanza kila mkanyago kutoka pembe mbaya. Halafu kuna kule kuishikilia klachi nusu, gari lisirudi nyuma mlimani wala lisimgonge wa mbele: msuli wa paja umekaza, goti halikunjuki wala halikunjwi zaidi, sekunde zinakwenda. Hapa ndipo kubana kunapokosa kuachia. Msuli wa nyonga nao umeubeba mguu mzima hewani. Kufika jioni vyote vinauma, na vina haki ya kuuma.

Maumivu hayo, hata hivyo, kwa kawaida hupungua baada ya wiki kadhaa mkao ukirekebishwa na paja likapewa mazoezi. Goti lililosagika halina tabia hiyo. Lenyewe humjia mtu mara nyingi baada ya miaka 45, hukakamaa asubuhi kwa muda usiozidi nusu saa hivi, huuma akitembea na kutulia akipumzika, na mara nyingi huumia zaidi upande wa ndani. Lingekuwa linaletwa na klachi, madereva wakongwe wangejaa kliniki wakiwa na goti la kushoto lililokwisha na la kulia likiwa jipya. Kwenye picha ninazoziona huwa ni yote mawili. Moja likizidi, namuuliza mtu kuhusu mpira wa miguu. Karibu nusu ya watu waliochanika kano kubwa ya ndani ya goti huonyesha dalili za kusagika ndani ya miaka 10 hadi 20, na mabeki wetu wa mchangani hawakuwahi kusikia habari za kutibiwa kano. Walifunga kitambaa wakamalizia kipindi cha pili.

Nikirudi kwenye kiti, hakuna utafiti ninaopenda kuwasimulia madereva kama ule wa Jerry Morris wa London, uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1953. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa, na kila moja lilikuwa na dereva na konda. Konda alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Dereva alishinda amekaa. Njia ileile, moshi uleule, kwa sehemu kubwa watu wa mitaa ileile. Madereva waliugua moyo zaidi ya makonda, na kufa kwa moyo zaidi. Miaka mitatu baadaye Morris akaenda kupekua vipimo vya sare, akakuta suruali za madereva zina viuno vikubwa kuliko za makonda wa rika lao. Kuna waliosema labda wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila ukisimama kituo chochote cha daladala ukamtazama konda anayening'inia mlangoni, anayeshuka akikimbia na gari na kurukia tena, kisha ukamtazama aliye nyuma ya usukani, huhitaji kwenda London.

Dereva wetu anaamka saa kumi usiku, anakunywa chai na chapati mbili kituoni, mchana chipsi mayai akiwa ameishika sahani mapajani, soda moja, jioni nyingine. Akisubiri zamu anacheza drafti, naye amekaa. Miaka kumi ya hivyo inamwongezea kilo, na kila kilo inarudi gotini mara nne kila anapotembea kwenda nyumbani. Hii ndiyo njia ambayo udereva hufika kwenye gegedu. Haipiti kwenye klachi, na dereva wa otomatiki anayekaa saa zilezile anapita njia hiyohiyo.

Viungo vingine nivitaje kwa haraka. Mgongo nimeshausema, barabara ya mashimo na kiti kilichokufa springi ni wabaya kwake kuliko pedeli zote tatu, na pochi nene kwenye mfuko wa nyuma huongeza karaha kwa kukandamiza makalio upande mmoja. Kidole gumba cha kushoto huweza kuuma kwenye shina lake kwa wanaoivuta gia kwa nguvu, lakini ugonjwa wa hapo huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 50, wengi wao hawajawahi kushika usukani. Bega la kushoto ndilo linalostahili tahadhari. Dereva wa huku kwetu hubadili gia kwa mkono wa kushoto, basi bega likianza kukakamaa polepole analaumu gia kwa miezi, huku mkono ukizidi kushindwa kufika nyuma kuvaa mkanda. Bega la namna hiyo hupenda sana watu wenye kisukari. Kabla ya kumwambia fundi alegeze gia, mtu akapime sukari.

Sasa gari la otomatiki. Kwa mtu mwenye goti zima anayetaka kujikinga, ni dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na pesa hizo zingemfaa zaidi kwingine. Kwa mtu ambaye goti lake la kushoto limeshasagika na anakaa kwenye foleni kila siku, ni nafuu ya kweli, haitibu lakini inampunguzia maumivu, nami huwashauri walio na uwezo. Ajue tu kwamba otomatiki ina foleni yake pia: mguu wa kulia unaganda kwenye breki, na wapo wanaonijia na goti la kulia.

Waliofanyiwa upasuaji ndio ambao aina ya gia inawagusa zaidi. Aliyewekewa goti au nyonga ya bandia upande wa kushoto anaweza kurudi mapema kwenye otomatiki, kwa kuwa mguu wa kulia ndio wenye breki. Kwenye gari la klachi lazima asubiri. Upande wa kulia ukipasuliwa, gia si hoja, cha muhimu ni kasi ya kukanyaga breki, na madaktari wengi husema wiki 6 hivi. Katika hali zote mbili asiendeshe akiwa bado anatumia dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi, wala kabla hajajaribu, gari likiwa limesimama, kukanyaga breki ya ghafla kwa nguvu zote bila kusita.

Wengine wote nawaambia kuhusu kiti. Kisogezwe mpaka klachi ikifika chini kabisa goti bado limekunjika kidogo, nyonga ziwe juu ya magoti kidogo tu. Klachi ikanyagwe kwa sehemu pana ya wayo, si kwa vidole, na kati ya gia na gia mguu ukae sakafuni. Foleni ikisimama, weka gia huru, vuta breki ya mkono, uachie mguu. Kwenye zamu ya kusubiri abiria, drafti ichezwe watu wamesimama. Kuinuka na kukaa mara kumi kwenye ngazi ya gari kunalifaa paja kuliko mafuta ya kuchua ninayoyanusa kila Jumatatu.

Lakini klachi iliyokuwa laini mwaka jana na leo imekuwa ngumu si uzee wa goti. Ni kebo iliyokauka, presha pleti iliyochoka au bearing inayokufa, na hilo ni la fundi. Kwa daladala, fundi huitwa na tajiri, yaani mwenye gari, na tajiri anapokea hesabu ileile kila jioni, klachi iwe ngumu au laini. Ukimwandikia dereva wa hesabu mapumziko ya siku tatu, umemwandikia siku tatu za njaa, ndiyo maana anaikunja karatasi na kesho yuko barabarani. Siku hizi naandika karatasi ya namna nyingine, ya kumpelekea tajiri: badilisha kebo, tengeneza kiti, benchi la nyuma ya dereva lirudi nyuma sentimita kumi. Baadhi wamebadilisha kebo. Kuhusu benchi sijapata jibu, kwa sababu linabeba abiria wanne.